Mtu, Kitu na Maiti

Tangu masika ya mwaka huu nimekuwa nikiisoma na kuirudia insha moja ya mwanamke wa Kifaransa, Simone Weil, aliyoiandika juu ya Iliad, utenzi wa kale wa Wagiriki unaonasibishwa na Homer. Kichwa chake, kwa tafsiri ya haraka, ni "Iliad, au Utenzi wa Nguvu". Sikuifikia kwa Kifaransa chake bali kwa Kiingereza, kwa mkono wa Mary McCarthy aliyeitafsiri mwaka 1945. Kwa hiyo niyasemayo hapa ni ya mtu aliyesikia harufu ya chungu cha jirani kupitia dirishani. Hata hivyo nimeona nisikae nayo peke yangu. Ni insha ya vita iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akisoma shairi, na sisi tunaopenda mashairi hatuna budi kuulizana shairi laweza kuona nini ambacho taarifa ya habari haikioni.

Nianze na mwandishi mwenyewe, kwa ufupi. Weil alizaliwa Paris mwaka 1909, katika familia ya Kiyahudi isiyoshika dini. Baba yake alikuwa daktari. Alisomea falsafa, akafundisha, kisha akaliacha darasa na kwenda kufanya kazi za mikono viwandani, pamoja na kile kiwanda cha magari cha Renault, ili aujue kwa mwili wake mwenyewe uchovu wa mtu anayeamrishwa kutwa nzima. Mwaka 1936 alivuka mpaka akaingia Hispania kujiunga na wapiganaji wa upande wa jamhuri. Hakukaa sana. Alikanyaga chombo cha mafuta yaliyokuwa yakichemka, akaungua mguu, na wazazi wake wakamrudisha nyumbani. Lakini katika zile wiki chache aliona jambo ambalo hakulisahau, na mwaka 1938 alimwandikia barua mwandishi Georges Bernanos kumweleza: watu waungwana, wenye imani ya kupigania haki, wakisimulia mezani kwa kicheko jinsi walivyoua, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Insha yenyewe ilichapwa mjini Marseille, katika jarida la Cahiers du Sud, mwishoni mwa mwaka 1940 na mwanzoni mwa 1941. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Wajerumani, na sheria za wakati ule zilimkaba Myahudi hata katika kalamu. Akatia sahihi kwa jina la Émile Novis, ambalo ukilitazama vizuri ni herufi za jina lake mwenyewe zilizochanganywa, W ikapunguzwa kuwa V. Alifariki Uingereza Agosti 1943. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Hoja yake ni hii. Shujaa wa kweli wa utenzi ule si Achilles wala Hector. Ni nguvu yenyewe, ambayo wanadamu hudhani wameishika ilhali yenyewe ndiyo iliyowashika. Na kazi ya nguvu ni moja: kumgeuza mtu kuwa kitu. Ikifikia upeo wake humgeuza kwa maana iliyo wazi, kwa kumfanya maiti. Lakini iko na nguvu isiyoua, au ambayo haijaua bado, nayo humfanya mtu kuwa kitu angali anapumua: mateka aliyepiga magoti, mtumwa asiyeruhusiwa hata kulia isipokuwa pale bwana wake anapolia.

Nilipojaribu kuitia insha hii katika Kiswahili nilikwama kwenye neno la kwanza. Nguvu si tusi kwetu. Tunaombeana nguvu. Mgonjwa akianza kunywa uji tunasema ameanza kupata nguvu, na aliyefiwa tunamwombea Mungu amtie nguvu. Msomaji akiona "utenzi wa nguvu" atatazamia sifa za mashujaa, na Weil anakusudia kinyume chake. Mabavu ndilo neno lenye ubaya, lakini mabavu yana mwenyewe. Ni ya fulani, mwenye jeuri, ambaye mwenzake aliyekaa kando hana. Weil anazungumza juu ya jambo lisilo na mwenyewe, ambalo aliyelishika asubuhi linamwangukia jioni. Nikajaribu kani, neno la vitabu vya fizikia, kani ya uvutano na kani ya msuguano. Huenda yeye mwenyewe angelipenda, maana kuna mahali anaandika juu ya vita kama mtu anayeeleza jinsi jiwe linavyoanguka. Lakini hakuna mama duniani aliyewahi kusema mwanangu ameuawa na kani. Mpaka leo rasimu yangu ina nguvu katika kichwa cha insha na mabavu katika vifungu kadhaa, na sijapatanisha.

Penye ugumu wa neno nguvu, palikuwa na wepesi ulionishangaza katika sehemu ya pili ya hoja. Kumgeuza mtu kuwa kitu! Weil alihitaji ukurasa mzima kulisema jambo hili kwa Kifaransa. Kiswahili kinalisema kwa kubadili kiambishi. Mzizi ni uleule, -tu. Ukitanguliza m- umepata mtu, ukitanguliza ki- umepata kitu, ukitanguliza u- umepata utu, ambao ndio unaopotea katikati ya hivyo viwili. Siku hiyo niliandika ubeti mmoja pembeni mwa karatasi, si kwa kuringa bali kwa kujaribu kama jambo hili linakaa katika mizani:

Mtu akiitwa kitu,
hana tena neno kwetu,
mlango wa nyumba yetu
kwake umeshafungika.

Kisha nikajiuliza kama lugha hii, iliyoweka mtu na kitu karibu namna hiyo, haikuweka pia ulinzi wowote baina yao. Nikadhani nimeupata. Tazama maneno kama kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi, kilema. Umbo lake ni la KI-VI, ngeli ya visu na viti. Lakini hatusemi kipofu kimekuja. Tunasema kipofu amekuja. Neno limevaa nguo ya kitu, na sentensi inakataa kudanganyika. Mfano unaonigusa zaidi ni kibarua. Mwanzo wake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake zihesabiwe. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Hata hivyo kibarua amechoka, kibarua amelipwa, kibarua amegoma. Weil, aliyefanya kibarua viwandani na kuandika kwamba huko alihisi ametiwa chapa ya utumwa, nadhani angelifurahia hilo.

Na anayetaka kutukana anajua pa kugusa. Akisema kizee kimekuja, au kijitu hiki kinataka nini, hakuna aliyeko barazani asiyesikia kwamba mtu amevuliwa nguo.

Neno linaloyumba ni maiti. Magazeti huandika maiti imekutwa, maiti imepelekwa hospitali. Vitabu vya dini vinavyofundisha mazishi husema maiti ataoshwa, maiti atavikwa sanda, maiti ataelekezwa kibla. I- au a-? Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hunibishia kila mwaka. Wapo wanaosema a- ni Kiswahili cha zamani, na wapo wanaosema roho ikishatoka hakuna mtu tena pale. Hapo ndipo nguvu ya Weil ilipofikia upeo wake, na hapo ndipo sarufi yetu inaposita, kama mtu aliyesimama mlangoni pa chumba chenye maiti, hajui kama avue viatu.

Mimi nilisikia kusita huko mara ya kwanza mwaka 1994, nikiwa mtoto wa darasa la sita Bukoba. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili, akitoka mkutanoni Dar es Salaam, na mauaji yakaanza. Mwishoni mwa mwezi ule watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi; na tunajua sasa kwamba katika umati ule walikuwamo waliokimbia kuuawa, na walikuwamo pia waliokuwa wameua, wamelala chini ya turubai za aina moja. Lakini kabla ya watu wa daraja walikuja watu wa mto. Mito ya Rwanda huingia Kagera. Kagera hupita Rusumo, hupinda kaskazini, hugeuka mashariki na kupita Kyaka, na mwishowe huingia ziwani upande wa Uganda, karibu na Kasensero. Maelfu ya waliouawa walisafiri njia hiyo. Wavuvi wa Uganda waliwaopoa na kuwazika kandokando ya ziwa, na makaburi hayo ya pamoja yako hadi leo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na shamba la migomba si mbali na Kyaka. Alikuja kwetu siku moja ya Mei. Baba akamuuliza habari za huko. Akasema, "Watu wanapita."

"Wakimbizi?"

"Mtoni. Wanapita mtoni."

Baba akasema polepole, kwa ajili yetu watoto, "Maiti."

"Watu," mjomba akasema. "Jana wamepita watu saba na mtoto mmoja. Wawili walinasa kwenye mafunjo, tumewatoa tumewazika."

Hakuwa akimsahihisha baba. Mjomba hana habari ya upatanisho wa kisarufi, na ukimweleza atakuuliza kama unalipwa kwa kazi hiyo. Ila hakulipokea lile neno jingine, na tangu siku hiyo samaki hawakuingia jikoni kwetu kwa miezi mingi. Weil anasema nguvu humfanya mtu kitu. Mto Kagera ulijaa ushahidi wake. Na kando ya mto alikuwapo mtu mmoja ambaye, baada ya nguvu kumaliza kazi yake yote, bado alikuwa akihesabu kwa wa-.

Nimeliwaza hili tena kwa ajili ya mafuvu. Katika makumbusho ya Berlin yamehifadhiwa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki zama za utawala wa Wajerumani, mengi kutoka Rwanda na mengine kutoka Tanzania, kila moja na namba yake, na wataalamu wameanza kuyalinganisha na wajukuu walio hai. Wangoni wanakitafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji, ambacho inaaminiwa kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba radhi, akaahidi kusaidia kutafuta. Kichwa kinatafutwa, fuvu linatafutwa. Sarufi haina la kufanya hapo. Lakini nimesikia wazee wakihojiwa redioni, nao husema: tunamtafuta Songea.

Hadi hapo nilikuwa nimeridhika na Weil, na nimeridhika zaidi na Kiswahili. Ndipo nilipokumbuka mende.

Redio ya RTLM ilianza kutangaza Kigali mwaka 1993. Neno lililorudiwa humo hadi likazoeleka lilikuwa inyenzi, yaani mende, ambalo miaka ya sitini lilihusu wapiganaji waliokuwa wakishambulia kutoka nje ya nchi, na sasa likatandazwa juu ya Watutsi kwa jumla, mpaka kwa mtoto wa mgongoni. Kesi zilipokuja Arusha, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, majaji walilazimika kukaa na wataalamu wa lugha wakipima maneno kama haya: lilimaanisha nini mwaka fulani, lilisemwa na nani, mbele ya nani. Hukumu ya Akayesu, ya Septemba 1998, ambayo ni ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, ina sehemu nzima juu ya maneno. Nawashauri wapenda lugha waisome, wakiwa na moyo wa kuisoma.

Sasa, kwa Kiswahili mende ni wa ngeli gani? Mende wameingia. Mende wale. Mende amekufa. Ule ulinzi niliojisifia, ule upatanisho wa viumbe hai unaomwokoa kipofu na kibarua, unamchukua mdudu vilevile. Aliyemwita jirani yake mende hakumwondoa katika ngeli ya walio hai hata kidogo. Alimwacha humohumo, akamwonyesha kwa kidole.

Hapa ndipo ninapoachana na Weil. Yeye anasema nguvu humfanya mtu kitu, na kwa mkuki wa Achilles ni kweli; Achilles hana haja ya kujua jina la kila anayemwangusha. Lakini kitu hakichukiwi. Hakuna anayelitukana jiwe saa nzima kabla ya kulivunja. Waliouawa Rwanda waliitwa kwa majina na watu waliosali nao; walifanyiwa mambo ambayo hayana maana yoyote yakifanyiwa kitu, kwa sababu kitu hakioni haya, hakisihi, hakimwombei mwanawe. Ukatili unamhitaji mtu aliye mbele yake awe mtu, na ajue kuwa anajulikana. Kwa hiyo nguvu ni jambo moja na ukatili ni jingine, ingawa hutembea pamoja. Na neno katili, tulilolitoa katika Kiarabu kwa mzizi wa kuua, limekuja kwetu kubeba zaidi ya kuua. Mtu aweza kuua asiitwe katili. Aweza pia kuwa katili pasipo kuua, na watoto wa kambo wanajua.

Sisemi Weil hakuliona hili. Ile barua yake kwa Bernanos inaonyesha aliliona Hispania: kile kicheko cha mezani hakikuwa kicheko cha watu waliovunja mawe. Nasema tu kwamba katika insha, akiwa ameshika Homer mkono mmoja na nchi iliyoshindwa mkono wa pili, alitaka kulipata jambo moja lililo kubwa kuliko yote, akalipata, na hili dogo lenye meno likampita pembeni.

Kuna sehemu nyingine ya insha ambayo imenitesa kwa namna tofauti. Weil anamsifu Homer kwa kutokuwa na upande. Mgiriki anayesimulia kifo cha Mtroya humlilia kama anavyomlilia Mgiriki mwenzake. Mfano wake wa mwanzo ni mke wa Hector, Andromache, aliyewaamuru wajakazi wateleke maji ili mumewe akirudi kutoka vitani aoge. Hajui kwamba mumewe amekwisha kuuawa nje ya ukuta. Maji yale ya moto yanamhusu adui. Wagiriki waliyaimba vizazi na vizazi bila kuyaondoa.

Niliposoma hapo nilikumbuka sufuria nyingine. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulitwaa eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Bibi yangu alikimbia akiacha ndizi motoni. Alisimulia hilo mpaka kufa kwake, akataja hata kuni zilikuwa za mti gani. Watu waliuawa, mifugo ikaswagwa kwenda ng'ambo, wanawake wakachukuliwa. Amin akaitwa nduli, neno la kale la muuaji lililofufuliwa likawa kama sehemu ya jina lake, na sisi tuliozaliwa baadaye tulidhani kweli ni jina. Je, niambiwe mimi kwamba aliyevamia na aliyevamiwa wote ni majani yanayopeperushwa na upepo mmoja? Nilitaka kuifunga insha.

Sikuifunga kwa sababu ya Mutukula. Januari 1979 vikosi vya Tanzania viliuteka mji huo mdogo wa mpakani upande wa Uganda, na kwa kulipiza kisasi cha Kagera ukabomolewa kwa tingatinga, na raia waliokuwamo wakauawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Hayo yameandikwa, wala si siri, ila hayasemwi sana kila inapofika siku ya kuwakumbuka mashujaa. Mjomba wangu alikuwa mwanamgambo. Alifika Mutukula mji ukiwa umekwisha kulazwa chini. Katika miaka yote niliyomjua amelisema hilo mbele yangu mara mbili tu, na mara zote mbili aliongeza, "Na haki ilikuwa yetu," kwa sauti ambayo sikuweza kujua kama ni ya kujitetea au ya kushangaa.

Haki ilikuwa yetu. Mimi siliachi neno hilo, na sidhani Weil angetaka niliache. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kukaa katikati. Aliipenda amani kwa miaka mingi, kisha baada ya Hitler kuingia Prague mwaka 1939 akakubali kwamba hakuna njia ila kupigana. Akaenda London kuwatumikia Wafaransa huru wa de Gaulle, akawasumbua wakuu wake kwa mpango wa kupeleka wauguzi mstari wa mbele, yeye akiwa wa kwanza. Alijua upande wake. Lile analomsifia Homer si kutojua nani alianza. Ni kwamba akishajua nani alianza, bado anaona maji ya moto katika nyumba ya yule mwingine.

Tenzi zetu za vita ni chache zinazofanya hivyo, na nasema hili bila kulaumu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, mizinga ilikuwa imenyamaza juzi tu, na Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889. Kazi ya mshairi ilikuwa kuhifadhi habari za walioshindwa kabla washindi hawajaandika zao. Nani angemvumilia akikaa kumlilia mama wa Mdachi? Homer aliimba, kwa kadiri wanavyodhani wataalamu, karne kadhaa baada ya Troya kuwa majivu. Sisi bado hatujapata karne hizo. Ila nimewahi kujiuliza ni nani atakayeandika utenzi wa Kagera wenye ndizi za bibi yangu motoni na sufuria ya mtu fulani wa Mutukula, katika beti zinazofuatana, bila mshairi kubadili sauti. Pengine ameshazaliwa. Pengine yuko kidato cha tatu, ananibishia juu ya maiti.

Neno jingine lililonipa kazi katika kutafsiri ni kuteka. Kuna kuteka maji na kuna kuteka watu, na kamusi zinatenganisha, lakini ulimi hautenganishi. Wajakazi wa Andromache walikwenda kuteka maji. Andromache mwenyewe, Troya itakapoanguka, atatekwa, na Hector alikwisha kumtabiria katika utenzi uleule kwamba atachoteshwa maji kisimani kwa watu wengine. Sikulitafuta hilo, lilikuja lenyewe kwa sababu ya lugha, na nimeliacha lilivyo.

Mwezi uliopita nilimtembelea mjomba, nikamsomea sehemu za rasimu. Macho yake yamepungua lakini masikio bado. Nilimsomea habari za mzee Priam, anavyokwenda usiku katika kambi ya adui, anavyoibusu mikono iliyowaua wanawe, anavyoomba apewe Hector akamzike. Mjomba alisikiliza bila kunikatiza mpaka Achilles alipokubali.

"Alioshwa?" akauliza.

"Alioshwa, mjomba. Kabla ya kukabidhiwa. Walimpeleka kando ili baba yake asimwone katika hali ile."

"Nani alimwosha?"

"Wanawake. Watumwa wa huyo Achilles."

"Aliwapata wapi?"

"Aliwateka. Katika miji ya jirani. Wengine walikuwa wa upande wa huyohuyo waliyekuwa wakimwosha."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia nirudie pale pa kuosha, nisome polepole.